Siku Yetu ni Jumanne

Kila Jumatatu usiku, nikishaswali isha, naloweka maharagwe. Ni kilo 4, ndani ya karai la buluu ambalo halina kazi nyingine nyumbani kwangu. Nayachambua kwanza chini ya taa, natoa vijiwe na yale yaliyotobolewa na wadudu, nayasuuza maji mawili, kisha natia maji mengi maana yakifura hupanda hadi ukingoni. Nafunika kwa sinia, nalala. Nimekuwa nikifanya hivi tangu mwaka 2018. Nikiwa na safari, karai linahamia kwa jirani yangu kabla hata sijafunga begi.

Asubuhi ya Jumanne wenzangu hufika saa moja. Tuko wanawake 6, wanne wa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, na wawili wa Majengo, hapa Mombasa. Mmoja ni mwalimu mstaafu. Wawili huuza mahamri na mbaazi alfajiri, na wakishamaliza wateja wao huja moja kwa moja, mikono bado inanukia iliki. Chakula chetu kinakwenda ng'ambo ya Makupa, upande wa Changamwe, kwenye makao ya wavulana waliokuwa wakiishi mitaani. Makao hayo siyataji jina, na wavulana wenyewe pia sitawataja. Wana maisha mbele yao. Siku moja mmoja wao atatafuta kazi, au atapeleka posa kwa watu, na sitaki jina lake likutwe mtandaoni limeandikwa na mimi.

Kenya tunalo neno letu kwa watoto hawa: chokoraa. Ni yule anayechokora mapipa ya taka. Nimelisema miaka mingi nikipita Mwembe Tayari na kikapu changu, bila kulifikiria. Siku hizi silisemi tena, na hakuna aliyenikataza. Ukishampakulia mtoto wali mara kumi, ukajua kwamba huyu hataki vitunguu na yule anaomba ukoko, neno lenyewe linakataa kutoka.

Tunapika wali wa nazi, kilo 10 za mchele kwa sahani 48. Wapo wanaoniambia ni mwingi. Hawajamwona mvulana wa miaka 14 aliyezoea kulala na njaa anavyokula. Kilo moja kwa watu watano, hiyo ndiyo hesabu yetu, na hatukuigusa hata mchele ulipopanda bei. Tulichopunguza ni nyama, sasa tunaipeleka mara moja kwa mwezi. Nazi ni 20. Tunazivunja uani, mbuzi mbili za kukunia zinapokezana, na mwenye kukuna hasemeshwi mpaka amalize zamu yake. Nazi iliyokunwa hukamuliwa kwanza kwa maji kidogo sana, na hilo ndilo tui la kasimele, zito, linawekwa kando ndani ya jagi lenye kifuniko. Maji ya pili na ya tatu hutoa tui jepesi, na hilo ndilo tunalochemshia mchele. Wali ukikaribia kukauka natia kasimele, nageuza kwa mwiko mara moja tu, nafunika, napalia makaa juu ya kifuniko. Harufu hujaa uchochoro mzima. Watoto wa jirani hupita wakirudi shule wakasema, "Kumbe leo Jumanne."

Kasimele ya maharagwe, lakini, hatuitii nyumbani. Hilo tulijifunza kwa uchungu.

Ilikuwa Machi, jua la kaskazi, na hatukuwa na muda mrefu tangu tuanze. Siku hiyo tulimaliza kupika saa tatu asubuhi, tukajiona hodari. Tukatia tui lote kwenye maharagwe, tukafunika sufuria ingali ya moto, tukaikaza kwa kitambaa ili isimwagike njiani. Vichochoro vya Kibokoni havipitishi gari, kwa hivyo chakula hutoka kwa mkokoteni hadi barabara kubwa, hapo ndipo kinapakiwa kwenye tuktuk. Tuktuk ikaharibika. Tukasubiri fundi kivulini, kisha tukaingia kwenye foleni ya malori ya bandarini. Tulifika saa tisa. Nilipofungua kitambaa niliona juu ya maharagwe povu jeupe, dogodogo, kama la sabuni, na uchachu ukanipiga puani. Yalikuwa yamechacha yote. Wali nao hatukuuamini.

Wavulana walikuwa wameshanawa mikono. Walikuwa wamekaa mikekani, mistari minne, wananitazama.

Msimamizi wa makao, ambaye wote wanamwita mwalimu, hakunilaumu. Alitoa pesa mfukoni mwake, nami nikaongeza zangu, kijana akatumwa dukani kuleta mikate na maziwa. Wakala mkate kwa chai. Mimi nikaenda bombani kuosha sufuria, maana sikuweza kukaa pale wanapokula. Nikiwa nimeinama, mvulana mmoja mwembamba akaja akasimama karibu yangu. Hakuniuliza chakula kimeharibikaje. Aliniuliza, "Mama, Jumanne ijayo mtakuja?"

Nikamwambia tutakuja.

"Hata kama leo kimechacha?"

Nikamwambia hata kama. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa wenzake.

Tangu siku ile tui la kasimele la maharagwe tunalibeba kwenye jagi lililozungushiwa barafu, tunalitia kule kule jikoni kwao, yanachemka upya ndipo tunapakua. Tuna namba za madereva watatu badala ya mmoja. Lakini swali la yule mtoto ndilo lililonibadilisha zaidi ya barafu. Nilikuwa nimedhani kazi yetu ni kuwapikia chakula kizuri. Yeye alitaka kujua kama sisi ni watu wa kurudi.

Baadaye mwalimu alinieleza jambo ambalo sikuwahi kuliona, ingawa lilikuwa likitendeka mbele ya macho yangu. Mvulana aliyetoka mitaani karibuni hamalizi chakula chake. Anakula nusu kwa haraka ya kutisha, na nusu nyingine inapotea. Inaingia mfukoni, ndani ya soksi, chini ya godoro. Mwalimu hugundua asubuhi akiona mstari wa sisimizi unaelekea kwenye kitanda fulani. Hamgombezi. Humpa kopo lenye mfuniko na kumwambia, "Ukitaka kuweka, weka humu, panya wasikusumbue." Usiku mtoto akilala, mwalimu huutoa wali uliolala na kutia kipande cha mkate, ili asubuhi akifungua asikute tupu wala asile kilichoharibika. Kila usiku anafanya hivyo, kwa kila mwenye kopo.

Nilimuuliza inachukua muda gani mpaka mtu aache. Akasema wengine wiki tatu, wengine miezi minne. Yuko mmoja aliyekaa na kopo lake mwaka mzima. Kinachowaachisha si nasaha. Ni Jumanne kufika ikiwa na wali, na Alhamisi kufika na akina mama wa kanisa la jirani na githeri yao ya mahindi na maharagwe, na Ijumaa kufika na vijana wa msikiti, na siku nyingine zote jikoni kwenyewe kuna ugali na sukuma wiki, saa ile ile, wiki baada ya wiki, mpaka tumbo lenyewe lisadiki.

Ndiyo maana nataka kusema waziwazi jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya watu ninaowapenda. Ramadhani makao yale hufurika. Jioni moja niliyokuwepo zilifika sufuria mbili za pilau na moja ya biriani, zote za watu wazima wenye nia njema, chakula cha watu 150 kwa wavulana 48. Disemba ni hivyo hivyo, soda na keki na fulana. Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia, hakuna anayebisha hodi. Februari wazazi wamelipa karo na kila mtu mkono umembana, na mwalimu anapima unga kwa kikombe. Mtoto yule mwenye kopo anaona haya yote. Kwake yeye wiki ya sufuria tatu ikifuatiwa na mwezi wa kimya inathibitisha alichojifunza barabarani: kikija, shika, ficha, maana hujui kesho.

Nayo mabaki ya harusi yanayoletwa saa nne ya usiku, watoto wameshalala, waamshwe wale pilau lililopoa tangu mchana, wapigwe na picha: hapana. Sadaka tumefundishwa kutoa katika kile tunachokipenda. Ukitaka kutoa, piga simu uulize ni siku gani haina mtu. Usishangae ukijibiwa kwamba ni Jumatatu ya mwezi wa pili. Chukua hiyo, hata kama ni uji tu, na uishike.

Mimi funzo hili nililipata mara ya kwanza njiani, zamani, kabla ya karai la buluu. Wasafiri wa barabara ya Nairobi wanalijua hekalu la Makalasinga pale Makindu. Lilijengwa mwaka 1926 na Makalasinga waliokuwa wakifanya kazi kwenye reli, na anayepita hupata chakula bila kulipa: chapati, dengu, wali, chai ya maziwa. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unakaa, unapakuliwa. Hakuna anayekuuliza dini yako wala kabila lako wala unakwenda wapi. Nilisimama hapo na mama yangu mgonjwa tukitoka hospitali Nairobi. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa, si sikukuu ya mtu yeyote, na chakula kilikuwa tayari. Mama alikula chapati moja na nusu, yeye aliyekuwa hajala siku mbili. Tulipotoka akasema, "Hawa hawakujua kama tunakuja, na walikuwa wameshapika." Maneno hayo nimekaa nayo.

Mwaka 2020 nusura tushindwe. Kwa sababu ya korona, kafyu ilianza tarehe 27 Machi, kila mtu awe ndani saa moja usiku. Aprili 8 Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Sisi tukaendelea, kwa sababu Changamwe ni ndani ya mji. Ramadhani ilipoingia tukahamishia chakula jioni kwa ajili ya wanaofunga. Magharibi kwetu wakati ule huingia kama saa kumi na mbili na robo, kwa hivyo tulifikisha chakula saa kumi na moja, tukashusha, tukakimbilia majumbani tufuturu tukiwa ndani kabla ya saa moja. Jumanne ya tarehe 5 Mei tulipeleka salama. Kesho yake, Jumatano tarehe 6, ikatangazwa kwamba Mji wa Kale wenyewe unafungwa, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Vizuizi vikawekwa kwenye njia za kutokea. Wanne wetu tukawa ndani, pamoja na sufuria, mbuzi, karai na mchele wa wiki mbili. Wawili wa Majengo wakawa nje, mikono mitupu.

Usiku ule tulipigiana simu mpaka saa sita. Mmoja akasema watoto wataelewa, nchi nzima iko hivi. Shoga yangu wa Majengo akajibu, "Wataelewa kwa sababu wamezoea kuachwa." Hakuna aliyeongea baada ya hapo. Tukachanga, tukamtumia kwa M-Pesa, akaazima sufuria tatu ndogo kwa majirani zake.

Yeye siku zote alikuwa mkunaji nazi. Wali wa kilo 10 hakuwahi kuusimamia. Jumanne ya tarehe 12 aliniwekea simu dirishani na tukapika pamoja, mimi nimekaa kitandani Kibokoni, yeye yuko jikoni kwake, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Akasema, "Siuoni, mvuke ni mwingi. Wewe sikiliza." Akaisogeza simu kwenye sufuria. Wali wenye maji mengi hutokota. Yakipungua sauti hupanda na kuwa nyembamba, na yakikauka kabisa unasikia kutatarika chini, kama mvua ya mbali juu ya bati. Nilifumba macho nikasikiliza mpaka nikaisikia ile mvua, nikamwambia, "Tia kasimele sasa." Tulifanya hivyo sufuria tatu, moja baada ya moja. Jumanne nne zilipita namna hiyo, mpaka vizuizi vilipoondolewa mwanzoni mwa Juni. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba wavulana waligundua mkono umebadilika, wakasema wali wa yule mama mwingine una chumvi kidogo. Sijapata kufurahia lawama kama ile.

Mwaka huo huo tulioanza, 2018, serikali ilifanya sensa ya familia za mitaani. Walihesabiwa watu 46,639 Kenya nzima, Nairobi 15,337, na Mombasa ikafuatia na 7,529. Niliposoma hesabu hiyo nilikuwa na mwiko mkononi, nikasita. Elfu saba na mia tano katika mji wetu huu, na sufuria yetu ni ya 48. Kuna watu ambao hesabu kama hiyo huwakatisha tamaa. Mimi ilinifanya niache kutoa sarafu barabarani, sarafu ambayo mara nyingi huishia kwenye chupa ya gluu ya kunusa, na nikaweka nguvu zangu zote kwenye mlango mmoja ambao mtoto akiingia anaweza kutokea upande mwingine.

Kwa sababu makao si mahali pa kukulia. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inalitazama jambo hili hivyo, na uko mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unaotaka watoto warudishwe kwenye familia, iwe ya wazazi, ya nyanya, ya shangazi au ya walezi, badala ya kulelewa kwenye majumba. Nilipoelezwa mara ya kwanza moyo wangu ulipinga. Niliwazoea. Lakini nimemwona mwalimu akifunga safari za Kilifi, Kwale na mara moja hadi Kitui, kumtafutia mtoto mmoja mjomba, na nimeona kwamba mara nyingi kinachozuia si upendo, ni sahani. Nyumba ina watoto watano na unga wa watoto watatu, na huyu aliyekimbia alikimbia akijua yeye ndiye wa ziada. Sasa tunachanga kidogo zaidi. Mvulana anaporudishwa kwao huondoka na nauli, mfuko wa mchele, maharagwe na chupa ya mafuta, na mama yake hutumiwa tena mwezi wa pili na wa tatu. Akifika mlangoni amebeba kitu kichwani, anapokelewa kama mgeni aliyetoka safari. Yule mwembamba wa siku ya uchachu aliondoka hivyo. Sahani zikawa 47, kisha 44. Zimewahi kufika 31, na siku hiyo tulikuna nazi 13 tu, tukamaliza mapema, tukakaa uani tukanywa madafu.

Nisisahau habari ya sufuria. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Sikuwahi kuwafundisha wavulana hilo, nadhani ni mwalimu. Wana kibustani nyuma ya jiko, na kila Jumanne sufuria zetu hurudi zimesuguliwa kwa majivu hadi zinang'aa, ndani yake mna mafungu ya mchicha yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Mchicha huo ndio tunaoupika.

Jumanne iliyopita tulikuwa na sahani 39. Yuko mmoja aliyefika miezi miwili nyuma, mdogo, labda miaka 10, ambaye tangu aje sijamwona akila bila mkono mmoja kuzungushia sahani kama ukuta. Siku hiyo wenzake walikuwa wanacheza mpira uani. Alikula, akatazama nje, akala tena. Kisha akainuka, akakimbia. Kwenye sahani yake kulibaki wali wa mkono mzima na maharagwe yake.

Nilifungua mdomo nimwite amalize riziki yake, kama ninavyowaita wajukuu zangu. Mwalimu akanigusa begani. "Muache, mama," akasema. "Muache kabisa."

Nikaifunika ile sahani kwa sahani nyingine, nikaiweka dirishani anapoweza kuifikia. Tukapakia sufuria, tukarudi. Baada ya isha mwalimu akaniandikia ujumbe. Sahani bado iko dirishani, aliandika, na mtoto amelala.